Land Rover ya Babu: Mafundi Wasiotajwa wa Handeni na Korogwe

Leo mastaa wapumzike kidogo. Nawapeleka Tanga, ila siyo ile ya ufukweni. Nawapeleka Tanga ya ndani, Handeni, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, ambako chini ya mwembe kulikuwa na Land Rover imelala zaidi ya miaka 15.

Kuku walikuwa wanatagia kwenye benchi la nyuma. Tairi zilishakwisha upepo zamani, rimu zimezama ardhini. Nilipokwenda likizo nikakuta mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika, ameshakadiria kilo, na mjomba ameshakubali bei. Ilibaki kuita vijana wa kuikatakata.

Nikaomba nipewe wiki mbili. Mjomba akacheka sana.

"Chukua hata mwezi, mjomba. Ikishindikana, wewe ndiye utakayesaidia kuipakia."

Hizo wiki mbili zikawa miezi tisa. Na katika hiyo miezi tisa nikagundua kwamba historia ya gari hili tumekuwa tukisimuliwa nusu. Tunaambiwa Mwingereza alitengeneza chuma kigumu kisichokufa. Aisee, kinakufa. Kimekufa mara nyingi tu. Ila kila kikifa kulikuwa na mtu fulani Korogwe au Handeni wa kukifufua, na jina la huyo mtu hulikuti kwenye kitabu chochote.

Gari la mkulima

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba huko Wales na Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Akawaza kwamba kampuni yake inaweza kutengeneza kitu cha namna ile kwa ajili ya wakulima. Gari la kwanza la majaribio lilikuwa na usukani katikati, kama trekta. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam.

Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, na chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo ilikuwa rahisi kupatikana. Chesisi ndiyo ikabaki ya chuma: bati nne zimechomelewa pamoja mpaka zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Hilo boksi likumbuke, tutalirudia.

Zikafuatana Series I, II, IIA na III. Hii ya babu ni Series III, ile 109, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ukitaka kuitambua haraka, angalia shoo ya mbele. Kwenye Series III ni ya plastiki, na dashibodi imekaa mbele ya dereva badala ya katikati.

Tanganyika gari hili liliingia mapema na likageuka gari la kila mwenye shughuli porini. Bwana shauri wa mkoloni alikuwa nalo, na bwana shamba pia. Kisha likapanda siasa. Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 na kuingia kazi ya TANU moja kwa moja, Land Rover ya chama ndiyo iliyomzungusha kwenye mikutano. Gari moja, pande mbili za historia: aliyekuja kudai kodi na aliyekuja kudai uhuru wote wamelipanda.

Na tusiipambe sana. Ukikaa na wazee watakuambia kuna miaka ambayo mlio wa Land Rover kijijini ulikuwa habari mbaya. Wakati wa operesheni za vijiji miaka ya 1970, au msako wa kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003, watu waliusikia ule mlio wakaingia porini. Bibi yangu alikuwa anasema gari likija na mabwana wengi, kimbia. Likija na dereva na utingo tu, hilo limebeba mgonjwa au chumvi.

Reli ilipita Korogwe

Kwa nini huku? Ramani ina jibu. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, kisha ikaendelea hadi Moshi. Korogwe ikapata stesheni, maduka, karakana na mashamba ya mkonge kila upande. Mji wa Handeni haukupata stesheni. Ulichopata ni vumbi.

Kati ya Korogwe na Handeni ni kilomita 65 hivi. Leo ni lami, unateleza. Kabla ya lami kuja miaka ya 2010, hizo kilomita zilikuwa safari ya kuombewa dua. Kiangazi vumbi jekundu, masika tope. Na kutoka Handeni kwenda Kilindi, au kushuka Mziha na Turiani, ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Kwenye njia kama hizo mtu hakuwa anachagua gari kwa ajili ya kujionyesha. Alichukua lenye gia ndogo, lililoinuka kutoka chini, na ambalo likiharibika njiani unaweza kulifungua kwa spana tatu.

Babu alilinunua letu kwenye mnada, lilipochakaa serikalini. Alibebea mahindi na wagonjwa. Mama mdogo wangu alizaliwa baada ya usiku mmoja wa tope, bibi amelala nyuma kwenye godoro, wakiitafuta hospitali ya Magunga, Korogwe. Walifika alfajiri. Ndiyo maana nilipoona lile jamaa la chuma chakavu linapiga mahesabu ya kilo, roho iliniuma.

Chuo cha mkonge

Fundi nilimpata Korogwe. Ni mzee, ameshastaafu, jicho moja halioni vizuri. Nilipomsalimia na kumweleza gari ni la nani, akaniuliza swali moja tu.

"Ile yenye kovu kwenye mlango wa kushoto?"

Ndiyo hiyo hiyo. Alishawahi kuifungua injini mara mbili, babu akiwa hai.

Alikubali kusaidia kwa sharti kwamba nisiandike jina lake wala kumpiga picha. "Andika fundi. Wanaonijua watajua." Sawa mzee, nimetii.

Nilimuuliza alisoma wapi. Nilitegemea ataje VETA au chuo fulani. Akanyoosha kidole kuelekea mashamba. "Katani."

Hapa ndipo historia inaponoga. Mkonge ulikuja mwaka 1893, mwaka ule ule ujenzi wa reli ulipoanza. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 likazaliwa zao lililoibeba nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, na mashamba ya Korogwe yalikuwa katikati ya shughuli hiyo.

Sasa shamba la mkonge siyo jembe tu. Kuna mashine ya kusindika majani, ile wanayoiita korona. Kuna reli ndogo za kusomba majani, vichwa vya treni vidogo, matrekta, pampu, jenereta. Vyote vinaharibika, na Ulaya ni mbali. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilikuwa na karakana yake, na mara nyingi mkuu wa karakana alikuwa fundi wa Kisingasinga, mtu wa vipimo na hasira. Vijana wa Kizigua, Kisambaa, Kibondei na waliokuja kwa mkataba kutoka mbali waliingia pale kama wabeba spana. Waliokuwa na jicho kali wakatoka mafundi. Vyeti hawakupewa.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Bei ya dunia nayo ilikuwa inaporomoka, kwa sababu kamba za plastiki zilishaingia sokoni. Mashamba yakadhoofika, karakana zikanyamaza, na wale vijana wakatoka na ujuzi wao kichwani, wakafungua vibanda vya miti na makuti pembeni ya barabara. Gereji nyingi za zamani za kule zilianzia hapo. Mwalimu wao alikuwa korona.

Miaka ya "spea hakuna"

Mtihani wao wa mwisho ulikuja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa mtu wa Korogwe hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja, maana Nairobi na Mombasa ndiko spea zilikokuwa karibu. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, magari mengi yakaenda vitani. Mafuta yakapanda bei dunia nzima mwaka 1979, fedha za kigeni zikakauka, na kukawa na katazo la magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana petroli.

Wewe unayelalamika simu haina chaji, hebu fikiria una gari moja la kuhudumia kata nzima, na kipande cha mpira cha breki kinachotosha kiganjani hakipo nchini.

Fundi anazitaja zile mbinu kama anasoma orodha ya sokoni. Tangi likivuja petroli, unakandika sabuni ya kipande, inaziba mpaka ufike. Springi ya Land Rover ikikatika, unachukua jani la springi ya lori, unalichoma, unalikunja upya. Gasketi unaikata kwa boksi la maboksi mazito na kuipaka grisi. Gari tatu zilizokufa zinazaa moja inayotembea.

Niliposema "kumbe mlikuwa wabunifu sana", hakufurahi.

"Ubunifu gani? Tulikuwa tunaogopa. Gari ikikataa, mtu anafia njiani. Na kuna waliokufa."

Nilinyamaza. Sisi huku mtandaoni tunazipenda hizi stori za "Mwafrika na akili yake", tunaweka vikopa vingi. Yeye anakumbuka breki alizozifunga akijua hazitoshi.

Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, magari ya Kijapani yakamiminika. Toyota Land Cruiser ikachukua miradi, ikachukua serikali, ikachukua heshima. Land Rover zikasukumwa nyuma ya nyumba, chini ya miembe.

Nyuma ya nyumba

Haya, sasa kazi yenyewe. Wale wenye gari la babu limelala kijijini, hapa msikimbie.

Siku ya kwanza fundi hakushika spana. Alichukua nyundo ndogo akalala chini, akaanza kugonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Ngi, ngi, ngi, halafu pu. Palipolia *pu* akatia alama kwa chaki. Boksi lile nililokwambia likumbuke hujaa tope na maji kwa ndani, likaoza kuanzia ndani kuja nje. Kwa macho unaona chuma kizima chenye rangi, kumbe kimebaki unene wa karatasi. Tulipata alama 11, nyingi kwenye boriti ya nyuma na ile mikono inayoshikilia bodi.

Bodi nayo ina ugonjwa wake. Alumini haishiki kutu nyekundu, ila inapogusana na chuma penye unyevu, hasa wa chumvi, inaliwa na kugeuka unga mweupe. Ndiyo maana gari lililoishi Pangani au Tanga mjini huchakaa kuliko lililoishi Handeni, ambako ni kukavu. Letu lilikuwa na unga mwingi kwenye maungio, nikashangaa. Jibu nilikuja kulipata kwa msasa. Chini ya bluu ya babu kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe kulikuwa na kijani, na juu ya kijani zilibaki herufi mbili zimefifia: SU. Shirika la umma. Gari lilikuwa na maisha mengine kabla yetu, na kwa ule unga, fundi anaamini lilikaa miaka mingi karibu na bahari.

Haya ndiyo mambo manne aliyonikazia, na mimi nakukazia wewe:

Kwanza, tangi. Kwenye Land Rover kama hii liko chini ya siti ya mbele, upande wa dereva. Usichomelee chochote kabla hujalitoa na kulipeleka mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Letu lilikaa kavu miaka 15 na bado lilikuwa linanuka. Betri nayo itoe.

Pili, usibandike kiraka juu ya kutu. Kata mpaka ufikie chuma kinacholia vizuri, ndipo uchomelee bati jipya. Kabla ya kukata boriti au mikono, ziba gari kwa magogo na upime pande zote mbili kwa kamba, la sivyo chesisi itapinda na gari litatembea kama kaa.

Tatu, breki. Badilisha mipira yote na mipaipu yote, hata inayoonekana mizima. Na lile vumbi la ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo inaua mapafu taratibu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe. Fundi alilipuliza kwa mdomo miaka 40. Kifua chake ukikisikia usiku, huhitaji maelezo.

Nne, namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, karibu na springi inapofungwa. Kijana wa grenda alikuwa anakaribia kuisafisha pamoja na kutu, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Namba ile ikifutika, gari lako halina uthibitisho kwamba ndilo linalotajwa kwenye kadi. Unaweza ukamaliza kila kitu, halafu ukabaki na sanamu la nyumbani.

Injini ilikuwa imekamata. Tukatoa plagi, tukamimina dizeli kwenye silinda, tukaiacha wiki nzima. Halafu tukachomeka hendeli mbele. Siku ya kwanza ikakataa. Siku ya tatu ikasogea robo. Mjomba, ambaye hadi hapo alikuwa anatuangalia akiwa kibarazani, akaja akashika hendeli mwenyewe. Ikazunguka. Hakusema neno, ila kesho yake kuku walihamishiwa kibanda kipya.

Hesabu haikubali

Niwe mkweli. Kwa pesa niliyotumia ningepata gari dogo la Kijapani lenye kiyoyozi. Bado linavuja oili, halipendi spidi, na kwenye lami ya Korogwe bodaboda zinanipita huku abiria wananipungia mkono. Kiuchumi ni hasara, msidanganywe na picha nzuri za mitandaoni.

Lakini angalia nini kinatokea sasa hivi. Tarehe 29 Januari 2016 kule Solihull, Uingereza, ilitoka Defender ya mwisho ya ule muundo wa zamani. Defender mpya haina chesisi ile ya boksi, na ukitaka kujua inaumwa nini unaanza na kompyuta. Oktoba 2024 Arusha ikafanya tamasha kubwa la Land Rover, watu wakaja kwa mamia na magari yao, lengo likiwa kuvunja rekodi iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 ya msafara wa magari 632. Picha zilisambaa, mlizipenda, nami nilizipenda. Madereva walionekana, viongozi walionekana. Sikuona picha ya mtu aliyelala chini ya gari.

Huyo ndiye anayeondoka. Chuma kinauzwa kwa kilo, ila alichokijua yule mzee kuhusu mlio wa *pu* hakina mzani. Nilipomuuliza amemfundisha nani, alisema vijana walikuja wawili watatu, wakaona malipo madogo, wakanunua bodaboda. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe wanawe hakuwaruhusu kushika spana.

Siku tuliyoliwasha nilimpeleka nyumbani kwake kwa gari lile lile. Alikaa upande wa abiria, dirisha wazi, kichwa amekiinamisha kidogo. Nikadhani amesinzia. Tulipokaribia Korogwe akanigusa bega.

"Simama mbele pale. Bushi ya kushoto nyuma inalia."

Nilikuwa sijasikia chochote. Tulisimama, tukaangalia. Ilikuwa kweli.

Sasa zamu yenu wadau. Nyumbani kwenu kuna gari gani limelala, na nani alikuwa analitengeneza? Kama yupo hai, nenda kamsalimie, washa simu, mrekodi anavyoongea. Jina kama hataki, usiliandike. Tuachieni stori hapo chini kwenye maoni, nitazisoma zote.